Nondo Nilizoziacha Juu ya Paa

Ninyi mnaoanza kushika mwiko, jambo la kwanza kuhusu paa la zege ni hili: maji hayavuji pale unapoyaona. Tone linalokuangukia mezani limeingilia mahali pengine kabisa, limetembea ndani ya zege polepole, likapata upenyo wa kutokea. Ukiziba pale lilipotokea, umeziba njia ya kutokea tu, nalo litatafuta nyingine. Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa na umri wenu, nikawafundisha wengine, na bado paa la nyumba yangu mwenyewe lilinisumbua kuliko paa lolote nililomjengea mtu. Watu wa hapa Lukozi walicheka. Walisema fundi wa slebu, yaani wa mapaa ya zege, analala na ndoo miguuni. Hawakusema uongo, ila walisahau sufuria.

Naitwa Yonathani, lakini wengi huniita Baba Elia. Kazi ya uashi nimeifanya tangu ndevu hazijaota mpaka magoti yalipokataa kupanda jukwaa. Nimejenga madarasa, nyumba za walimu, matangi ya maji. Kustaafu kwa fundi si kama kwa karani, hakuna sherehe wala saa ya ukutani. Wiki hii huitwi, wiki ijayo huitwi, mwisho unaosha karai lako na kulipindua nyuma ya jiko. Mmoja wenu alipopita hapa akaniomba niwaandikie machache juu ya mapaa ya zege, nilimwambia nitajaribu. Mkiona naruka huku na kule mnivumilie. Siku hizi nikizungumza hakuna wa kunikatisha, nami nimezoea vibaya.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Salehe wa Mlalo. Mtu mfupi, mpole wa sauti, aliyependa kahawa kuliko chakula. Nilipokuwa mwanafunzi wake alinituma nyumba ya mfanyabiashara mmoja pale Lushoto mjini, paa linavuja katikati ya sebule. Nikapanda, nikapima, nikachimba pale juu ya tone, nikaziba, nikashuka nikijiona fundi kamili. Mvua ikanyesha, tone likarudi palepale. Nikachimba eneo pana zaidi. Likarudi. Safari iliyofuata Mzee Salehe akasema leo tunakwenda wote.

Tulipofika akamwomba mama mwenye nyumba kiti, akakiweka chini kabisa ya lile doa, akafungua mwavuli mle ndani sebuleni, akaketi. Kisha akaomba kahawa.

"Panda juu," akaniambia. "Mwaga maji kila pembe. Kila ukimwaga, piga mguu chini nijue umefika wapi. Halafu usubiri."

"Nisubiri kiasi gani, mzee?"

"Mpaka nikuite. Maji ndani ya zege hayana haraka, usiwe na haraka kuyapita."

Nikamwaga pembe ya kwanza, nikapiga mguu, nikasubiri. Hakuna kitu. Nikahamia ya pili. Nilipofika pembe ya mbali kabisa, karibu na tangi, nilikaa hapo hadi nikaanza kuhisi nimesahauliwa. Kisha nikamsikia anacheka. Nilishuka mbio nikamkuta palepale, maji yanachuruzika pembeni mwa mwavuli wake, kikombe mkononi.

"Uliziba vizuri sana, Yonathani," akasema. "Shida ni kwamba maji hayakupita huko."

Basi hiyo ndiyo njia, na mpaka leo sijaona iliyo bora. Paa lisafishwe kwanza. Ligawe vipande kwa vijituta vya udongo, ujaze maji kipande kimoja kimoja, mtu mmoja akae juu na mwingine chini. Muwe wawili. Kumbukeni hilo, nitalirudia kwa sababu nyingine.

Na kusafisha kwenyewe msikudharau. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya zamani huko Kwamkoro, katikati ya mashamba ya chai, ambako mvua hunyesha kana kwamba inalipwa. Mwenye nyumba alikuwa ameshaleta mafundi wengine, na kila mmoja alikuwa ameongeza tabaka lake la lami, hata paa likawa zito kama keki ya harusi. Mimi nikaingiza mkono kwenye bomba la kutolea maji nikatoa majani yaliyooza, na nyuma ya majani nikatoa chura. Chura mzima, mnene, aliyeniangalia kama vile mimi ndiye niliyevamia. Paa lilikuwa limegeuka bwawa, na bwawa lolote mwishowe hupata pa kupenya. Nilimshusha yule bwana chura kwenye nyasi, nikazibua bomba, kazi ikaisha. Mwenye nyumba hakufurahi. Alitaka ugonjwa mkubwa kuliko huo.

Sasa nije nyumbani kwangu.

Huku kwetu milimani mtu hajengi paa la zege bila sababu. Masika yakiisha inabaki ile mvua ya manyunyu, na manyunyu yakiisha unabaki ukungu ambao nao ni mvua isiyoanguka. Mabati yaliyosimama vizuri ndiyo akili. Majirani zangu wote wana mabati. Mimi nilimwaga slebu kwa sababu ya mwanangu Elia.

Siku tuliyomwaga zege alikuwa kijana mkubwa, amemaliza shule, anasubiri kwenda Mwanza alikopata kazi. Alibeba karai pamoja na vibarua tangu asubuhi. Jioni tulipomaliza, akasimama juu ya mbao za pembeni, amepakaa saruji mpaka nyusi, akasema, "Baba, mimi nitakaa juu hapa na familia yangu. Ninyi mtakaa chini, mama asihangaike na ngazi."

Mama yake, Naomi, alikuwa chini na ndoo ya uji wa vibarua. Akajibu, "Vizuri. Chakula kikiwa tayari nitagonga dari kwa mpini wa ufagio, usinifanye nipige kelele."

Tulicheka sote. Mimi nikaacha nondo zimesimama juu ya kila nguzo, ndefu kama urefu wa mtu, tayari kuungana na nguzo za ghorofani. Nikajenga na ngazi ya zege ya nje, inayopanda hadi juu na kuishia hewani. Elia akaenda Mwanza. Mdogo wake Neema akaolewa Songea. Nondo zikabaki zinangoja.

Paa lilianza kuvuja si muda mrefu baadaye. Mwanzoni doa tu, rangi ya chai, juu ya mlango wa chumba chetu. Nikapiga niru, ule uji mzito wa saruji. Doa likahamia ukutani. Nikachemsha lami kwenye pipa, kama tulivyofanya zamani, kijiji kizima kikanuka, Naomi akaanua nguo zake kwenye kamba akanikataza kuingia ndani. Lami ya moto ni nzuri, ila jua la mchana na baridi ya alfajiri ya huku huivuta na kuibana hadi inapasuka. Baadaye zikaja hizi dawa za ndoo, nyeupe, unapaka kwa brashi kama rangi. Muuzaji wa Lushoto aliniambia hata ukimwaga bahari juu yake haipiti. Nilipaka. Ikastahimili manyunyu, masika yakapita nayo. Nikatandika nailoni, upepo ukaipeleka shambani kwa jirani, juu ya kabichi.

Naomi hakuwahi kulalamika kwa ukali. Alikuwa anasogeza vitu. Alisogeza kabati, akasogeza sanduku la vitenge, akasogeza meza ya cherehani. Alikuwa na namna ya kuingia chumbani mvua ikianza, akatazama juu, akatazama chini, akajua ndoo iende wapi kabla tone halijaanguka. Nilimwambia angekuwa fundi mzuri. Akaniambia fundi mmoja anatosha kwa uharibifu huu.

Alipofariki, tulimzika pale nyuma ya nyumba, chini ya mipichi yake. Watoto walikuja, wakakaa, wakaondoka. Elia aliniomba twende naye Mwanza. Nikamwambia siwezi kuiacha nyumba na paa linavuja, nikimaliza paa nitafikiria. Nadhani alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba hapo nilikuwa nimejipa miaka mingi.

Nyumba yenye mtu mmoja ina ubaridi wake. Si wa milima, huo nimezaliwa nao. Unapika chakula kidogo na bado kinabaki. Unatoka nje asubuhi unasalimia kwa Kisambaa, "Onga makeo," na anayekujibu ni mpita njia mwenye haraka na gunia lake la karoti, anawahi gari la sokoni. Mvua ilinipa kazi. Ikianza nilikuwa na pa kukimbilia, na ndoo za kumwaga, na asubuhi na kitu cha kupanda kukitazama. Nawaambia haya kwa sababu mtaingia nyumba za wazee wengi katika kazi hii. Mtamkuta mzee anang'ang'ania tundu dogo kana kwamba dunia inaishia hapo. Msimcheke haraka.

Jumapili moja nilirudi kutoka ibadani, masika yamepamba moto. Kufungua mlango wa chumba, nikasikia harufu ya vumbi lililolowa. Lipu ya dari ilikuwa imeanguka, kipande kikubwa kuliko mlango, imetua kitandani upande wa Naomi. Mto wake ulikuwa bado uko pale, sikuwa nimeuondoa. Sasa ulikuwa chini ya saruji. Juu, pale lipu ilipong'oka, nondo za slebu zilikuwa nje, zimefura kwa kutu, zinamenyeka kama ganda la mti.

Niliketi kwenye kiti cha cherehani na suti yangu ya kanisani, nikatazama juu kwa muda mrefu. Zege halipasuki hivyo kwa sababu ya tundu dogo. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinalisukuma zege mpaka linatoka. Kwa hiyo maji yalikuwa yakifika kwenye chuma kwa miaka, na wingi wake ulikuwa wa kutosha. Nyumba ilikuwa inakufa kutoka ndani. Paa hilo lingeanguka lote, na mimi chini yake.

Mvua zilipopumzika nikapanda na udongo wa mfinyanzi, nikaligawa paa vipande kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo nilipoonja maana ya kazi ya watu wawili kufanywa na mmoja. Nilimwaga maji juu, nikashuka ngazi, nikaingia chumbani, nikatazama dari, nikatoka, nikapanda tena. Magoti yaliniambia mambo yake yote. Jirani yangu Mama Rehema, mjane kama mimi, alikuwa anapalilia viazi vyake upande wa chini. Akainuka akauliza kwa sauti, "Baba Elia, umepoteza nini huko juu?"

"Natafuta maji yanapoingia."

"Si yanaingia kutoka juu?"

"Ndivyo yanavyonidanganya siku zote," nikamjibu. Akatikisa kichwa akarudi kwenye viazi vyake.

Nilijaribu pembe zote. Nilijaribu kandokando ya ukuta mdogo wa ukingo, nikajaribu kwenye mabomba, nikajaribu katikati. Dari ikabaki vilevile. Nikiwa nimekaa juu ya ngazi napumzika, ndipo nikaona jambo ambalo mtoto angeliona: nilikuwa nimezungushia udongo kila mahali isipokuwa kwenye mashina ya nondo za nguzo. Miaka yote nilipopaka lami nilipita kando yake. Nilipopaka ile dawa nyeupe nilizizunguka kwa brashi, taratibu, kama mtu anavyofagia kuzunguka miguu ya mgeni aliyeketi.

Nikatengeneza kibwawa kuzunguka nondo zilizo juu ya chumba changu, nikajaza maji. Hayakukaa. Yalizama mbele ya macho yangu kandokando ya chuma, yakitoa mapovu. Niliposhuka, nilikuta yameshafika kitandani.

Lishikeni hili vizuri. Nondo iliyoachwa wazi kwenye paa ni bomba. Maji hushuka nayo, kutu hula chuma na kuacha nafasi kati yake na zege, na nafasi hiyo huongezeka kila msimu. Hakuna rangi wala lami itakayoziba kitu kinachoendelea kuliwa. Kama mwenye nyumba ana nia ya kuendelea kujenga, zivike nondo zake siku ileile: zijengee kichwa cha zege zito, kipande kifupi cha nguzo, kikae juu kuliko maji yanavyoweza kusimama, na ncha zilizobaki uzipake na kuzifunika. Hatakushukuru leo. Kama hana nia, zikate.

Na mimi ningefanya lipi kati ya hayo mawili? Kuzivika kwa wakati ule kulihitaji kuchimbua kila nguzo, kukata chuma kilichooza, kuunga kipya, kumwaga zege upya. Kazi kubwa, haifanywi kwa kubahatisha. Ilibidi nimuulize Elia. Nikatambua kwamba sijawahi kumuuliza. Tangu ile jioni ya saruji kwenye nyusi, hakuna aliyelitaja tena jambo hilo, mimi wala yeye.

Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Umeshindaje?"

"Salama. Nimeona maji yanapoingilia."

"Wapi?"

"Kwenye nondo. Zile za nguzo za juu."

Nilisikia watoto wake wanagombania kitu, na mlango ukafungwa, wakawa mbali.

"Kuna njia mbili," nikasema. "Naweza kuziunga upya, zikae mpaka siku ya kuendelea. Au nizikate nisawazishe. Nataka uniambie ukweli, nijue nifanye kazi ipi. Utajenga juu?"

"Baba, kwa nini usije tu ukae na sisi?"

"Hilo tutaliongea siku nyingine. Nimekuuliza habari ya nondo."

Kisha akasema, sauti imeshuka, "Sitajenga, baba. Nimepata kiwanja huku, na msingi nimeshaanza. Nilitaka kuwaambia mama akiwa hai, nikashindwa. Alipoondoka nikashindwa zaidi. Nilikuwa nikija nyumbani naziona zile nondo, naona bora ninyamaze."

Mnaweza kudhani nilikasirika. Sikukasirika. Kuna kitu kilishuka kifuani mwangu na kutua, basi. Ila mdomo wa fundi una tabia yake, nikajisikia nauliza, "Msingi umekwenda chini kiasi gani?"

"Kufika kiunoni."

"Udongo wake?"

"Mawe, baba. Mwanza yote ni mawe."

"Kama ni mawe ni vizuri. Mwambie fundi asiache nondo wazi."

"Nitamwambia."

Tukaagana. Niliketi jikoni mpaka moto ukazima wenyewe, nikawa na uvivu wa kuuwasha tena.

Kesho yake asubuhi nikapanda na msumeno wa chuma. Ukungu ulikuwa umejaa, huoni hata barabara, unasikia malori tu yanapanda na mboga. Nilichagua nondo ya pembeni, nikaanza kukata. Sasa, nondo ndefu ukiikata chini huku juu iko huru, inatikisika. Msumeno unabanwa, unaruka, meno yanaisha. Nikaishika kwa mkono wa kushoto na kukata kwa wa kulia, nguvu zikawa hazitoshi huku wala kule. Nikajaribu kuibana kwa goti. Nikakata, meno ya msumeno yakavunjika. Nikabadilisha meno, nikaanza upya. Nakumbuka nilikaa chini kwenye slebu iliyolowa nikiwa nimeikumbatia ile nondo, nikihema, na sikuwa nahema kwa kazi peke yake.

Nikasikia hatua kwenye ngazi. Mama Rehema alipanda polepole, anashika ukuta, kanga ya begani amejifunga kichwani kwa baridi. Katika ujirani wetu wote hakuwahi kupanda juu kwangu. Akanitazama, akazitazama nondo.

"Unazikata," akasema.

"Nazikata."

Hakuniuliza kwa nini. Na yeye ana wanawe Tanga mjini na Dar, nyumba yake ina vyumba ambavyo hufunguliwa ili kufagiliwa tu. Aliweka mikono yake miwili kwenye ile nondo, juu ya kichwa changu, akaikaza.

"Haya, kata. Mimi nimeshika."

Ikakatika kama mchezo. Tukahamia nyingine. Hatukuzungumza sana; alisema kutu inachafua kanga, nikamwambia maji ya ndimu huitoa, akasema anajua. Tulipochoka alishuka akaleta chai ya maziwa kwenye chupa, tukanywa tumekaa juu ya ngazi, ukungu unaanza kupanda na mabonde ya Kwai yanajitokeza kidogo kidogo. Kazi ilikwenda siku zaidi ya moja. Kila asubuhi akisikia msumeno alikuja. Nondo zenyewe nilimpa, akasimamishia nyanya zake.

Ya kiufundi ni haya. Usikate usawa wa zege. Chimba kuzunguka nondo kina cha kidole, kata ndani ya hicho kishimo, sugua kutu kwa brashi ya waya, osha, lowesha, kisha shindilia mota ya saruji na mchanga, ngumu, yenye maji machache sana. Ukiweka mota ya majimaji itasinyaa ikikauka na kuacha ufa wa kuzunguka, umerudi ulikotoka. Funika kwa magunia na uyaloweshe, iache hapo ipone. Zege ni kama mgonjwa, huponea kwenye unyevu, si kwenye jua. Baada ya hapo nilimwaga sakafu nyembamba juu ya paa zima yenye mwinamo kuelekea kwenye mabomba. Mwinamo mdogo tu, jicho halioni, ila ukiweka gololi inajua pa kwenda. Kwenye kona, sakafu inapokutana na ukuta wa ukingo, usiache pembe kali. Ifanye mviringo kwa ubavu wa chupa. Mwisho ndipo ile dawa ya ndoo ikafanya kazi iliyokusudiwa. Chini, zile nondo za dari nilizisafisha na kuzipiga lipu mpya, mikono juu, shingo imevunjika, saruji machoni. Ningekuwa na umri wenu ningeimba.

Vuli ikaja. Ilianza alasiri moja kwa upepo, ikashuka mvua ya kweli, ile inayofanya barabara ya Lukozi kuwa mto mwekundu. Niliingia chumbani kwa mazoea, ndoo mkononi. Nikatazama dari. Nikasubiri kama Mzee Salehe alivyonifundisha kusubiri. Ikanyesha mpaka jioni, na dari ikabaki nyeupe.

Nikarudisha ndoo jikoni. Nikajikuta nimesimama katikati ya nyumba, mvua inanguruma nje, na sina la kufanya. Sikujua kwamba nyumba kavu inaweza kuwa tupu kiasi kile.

Simu ikaita. Alikuwa Elia.

"Shikamoo baba. Nimesikia kwenye redio mvua ni kubwa huko Tanga yote. Paa vipi?"

"Marahaba. Kavu."

"Kavu kabisa?"

"Kavu."

"Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu mama yake atutoke, tulichokuwa tukizungumza mimi na mwanangu ni paa tu. Liliharibika, tukawa na maneno. Sasa limepona, na kila mmoja alikuwa ameshika simu yake hajui aweke nini mahali pake. Nilidhani ataniaga.

"Umekula nini leo, baba?" akauliza.

"Maharage na viazi."

"Umepika mwenyewe?"

"Ningepikiwa na nani?"

Akacheka kidogo, ile pumzi ya puani. "Nilijaribu kupika maharage kama ya mama," akasema. "Mke wangu alikuwa safarini. Watoto walikula, lakini hayakuwa yale. Yeye alikuwa anaweka nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Nimeyala maharage yale maisha yangu yote ya ndoa, na sijui.

"Kitunguu," nikasema.

"Kitunguu niliweka."

"Maziwa ya mtindi kidogo, nadhani."

"Mtindi? Hapana, baba. Ule mchuzi ulikuwa na harufu fulani, kama ya majani."

"Alikuwa anachuma kitu pale nyuma ya jiko. Nilimwona akiinama."

"Kilikuwa na maua?"

"Sikuangalia, mwanangu."

Tukaendelea hivyo, anataja hiki nakataa, nataja kile anakataa, mvua inapiga juu, hadi sauti yake ikakatika ghafla. Salio lake lilikuwa limekwisha. Simu yangu haikuwa na salio tangu juzi. Nikakaa kitandani na simu kiganjani, nikiitazama.

Akapiga tena.